TAHADHARI: Anauza DB zilizofungwa waya tayari. Picha zinavutia, ndani ni kifo

Ndugu zangu mnaojenga, hasa huku Mbagala, Chamazi na Kongowe, kuna muuzaji anazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp na Facebook akitangaza DB (boksi la kugawa umeme wa nyumba, lenye breka zinazokata umeme ukizidi) zilizokwisha fungwa waya. Unalipia, anakuletea, anaibandika ukutani, anaunganisha na njia zako, na siku hiyo hiyo unawasha taa. Bei anayotaja iko chini hata ya gharama ya vifaa vyenyewe Kariakoo. Msimpe hela. Mimi ni fundi umeme, nimefungua DB yake kwa mikono yangu, na niliyoyakuta humo yanaua.

Kinachowavuta watu ni picha. Waya zimenyooka, kona zimekunjwa sawasawa, vitai vya plastiki vimepishana kwa nafasi ile ile, rangi zimepangika. Ni kazi safi kweli, ila si yake. Kwenye picha mojawapo, ukiikuza, lebo chini ya breka zimeandikwa Kijerumani. Nyingine imekatwa kona ya chini, pale mwenye kazi alipokuwa ameweka jina lake. Ukimwomba video akiwa ameishika hiyo DB, au ukasema unakwenda anapofanyia kazi, ghafla yuko safarini. Halafu anataka nusu ya hela kwa simu, eti ya vifaa. Kuna walioishia hapo: hela imekwenda, namba haipatikani. Kwa niliyoyaona, naamini hao ndio wenye nafuu.

Mteja wangu, mama mmoja mwenye nyumba ya wapangaji, yeye aliletewa. Aliniita kwa kuwa wapangaji walikuwa wakilalamika bomba la bafuni linapiga shoti, na jioni watu wakioga maji ya moto inatoka harufu ya plastiki kuungua. Nikazima mein swichi, nikapima kuhakikisha hamna umeme, nikatoa kifuniko. Kwa juu juu ungemsifu. Waya zimelala vizuri, hakuna mkanganyiko, ni karibu na zile picha.

Waya za ethi, zile za kijani na njano za kupeleka ardhini umeme unaovuja, zilikuwa zimekusanywa fungu moja, zikafungwa vitai, zikapitishwa nyuma ya baa ya ethi, ule ukanda wenye skrubu za kuzibania. Nikavuta mmoja kwa vidole viwili, ukaja. Nikavuta wa pili, ukaja. Hakuna hata mmoja uliokuwa umebanwa na skrubu, na ncha zake hazikuwa zimemenywa gamba. Ziliwekwa pale zionekane tu. Nikatoka nje kuangalia ethi rodi. Badala ya rodi nzima ya futi nne iliyopigwa ikazama ardhini, kulikuwa na kipande kifupi kuliko mkono wangu, nikakitikisa kikang'oka na udongo wake. Kwa hiyo hita ya kuogea ilipoanza kuvujisha umeme, umeme ule haukuwa na njia ya kwenda ardhini. Ulikaa kwenye maji na mabomba ukimsubiri mtu aliyesimama pekupeku kwenye sakafu iliyolowa.

Mtauliza, si kuna RCD? Ilikuwepo. Hicho ndicho kifaa kinachotakiwa kukata umeme wenyewe unapovuja, na zile za nyumbani kwa kawaida hukata uvujaji ukifika miliampia 30. Huyu bwana aliiweka mahali pake, akaingiza waya juu na kutoa waya chini, kisha kwa nyuma akapitisha waya mwingine wa fezi (unaoleta umeme) kutoka mein swichi moja kwa moja hadi kwenye breka, na mwingine wa nyutro (unaourudisha) hadi kwenye baa yake, zote bila kupita kwenye RCD. Ukishusha RCD, soketi na hita bado vina umeme. Mtu hawezi kukosea hivyo kwa bahati mbaya. Waya zile zilikatwa kwa kipimo na kufichwa.

Na ile harufu? Hita ya maji ya papo kwa papo ya wati 4,500 kwenye umeme wetu wa volti 230 inavuta karibu ampia 20. Yeye aliipeleka kwa waya wa mm 1.5, ule wa taa, ambao ndani ya paipu hautakiwi kubeba zaidi ya ampia 15 hivi. Juu yake akaweka breka ya ampia 32. Breka ya namna hiyo haitakata hata siku moja kabla waya haujaiva. Nilipokwangua ncha ya waya kwa kisu, chini ya rangi ya shaba kukatokea weupe: alumini iliyopakwa shaba. Alumini inapitisha umeme vibaya kuliko shaba, na ukiibana kwenye skrubu inalegea taratibu. Palipolegea pana joto, na joto linazidi kulegeza. Gamba la waya pale kwenye breka lilikuwa limeshakuwa jeusi na linavunjika kama ganda la karanga.

Kinachoniuma ni kwamba usafi wa kazi kwenye DB ni jambo la maana sana katika fani yetu, na huyu mtu ameugeuza chambo. Waya hazipangwi kwa ajili ya picha. Zinapangwa ili nyutro ya breka namba tatu iwe kwenye tundu la tatu la baa, fundi atakayekuja miaka kumi baadaye ajue ipi ni ya ipi bila kubahatisha. Unauacha waya na urefu wa akiba kidogo ili ukatike ncha siku nyingine uweze kuumenya tena. Unamenya kiasi kinachoingia chini ya skrubu, shaba isibaki nje na skrubu isibane gamba. Kila waya ukishaubana, unauvuta. Kila breka inaandikwa jina la njia yake. Matundu ambayo hayana waya yanazibwa, maana huku kwetu mjusi akiingia kwenye DB ni shoti inayosubiri saa yake. Mtu aliyefanya hayo yote, kazi yake itapendeza yenyewe.

Kwa hiyo kabla ya kumalizia malipo kwa fundi yeyote, mimi nikiwemo, mwambie umeme uzimwe, afungue kifuniko mbele yako, avute waya mmoja mmoja unaona. Usifungue wewe. Umeme ukirudi, shusha RCD kwa mkono: njia zote zinazotakiwa kulindwa nayo lazima zizime. Ipandishe, bonyeza kitufe cha kujaribia: lazima iruke. Ila kitufe hakipimi ethi, hiyo ina kipimo chake, mdai fundi akupimie akuandikie. Mwombe pia leseni ya kufunga umeme ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Zinatolewa kwa madaraja, na mwenye nayo haoni taabu kuionyesha. Waya nunua mwenyewe au nenda naye dukani, chukua risiti, kwangua ncha kabla hujatoka. Fundi mzuri hakasiriki kwa hayo.

Yule mama tumemng'olea DB nzima. Hita imepata waya wake wa mm 4 wa shaba na breka inayoendana nao, rodi imepigwa upya na ethi imepimwa. Ametunza kila kitu: meseji, miamala, ile RCD na waya zake za kificho, na taarifa iko polisi. Wewe uliyetumia hela usiletewe, usifute mazungumzo. Namba iliyokutapeli itume 15040 ili TCRA, mamlaka ya mawasiliano, waishughulikie, kisha nenda kituoni ukiwa na muamala wako. Vifaa vyenyewe mkivitilia shaka, TBS (shirika la viwango) na Tume ya Ushindani wanapokea malalamiko.

Na kama DB ya huyu mtu iko ukutani kwako sasa hivi, zima hita ya maji na usiiwashe tena leo. Ukisikia harufu, au ukiguswa na umeme kwenye bomba au mlango wa friji, shusha mein swichi ya nyumba nzima, mlale gizani, na asubuhi uite fundi mwenye leseni.