"Mama, Baba Yuko Wapi?": Taa za Land Rover Yangu na Fundi wa Mwanjelwa

"Mama, baba yuko wapi?"

Hivyo ndivyo nilivyopokelewa kwenye gereji moja ya umeme wa magari pale Mwanjelwa, Mbeya. Shikamoo hakuna, karibu hakuna. Nikadhani fundi anamuulizia mtu anayemfahamu. Kumbe alitaka mwanamume wa kumweleza ugonjwa wa gari. Gari ni langu, kadi ina jina langu. Baba aliyekuwa nalo ni baba yangu mzazi, na yeye tulishamzika Tukuyu.

Ni Land Rover 109, Series III, mkweche kweli, lakini mkweche unaonisomeshea watoto kwa viazi vya Isyonje. Taa kubwa zilikuwa zimeanza kufifia. Ukiwasha indiketa, taa ya kushoto inapumua nayo. Ukipiga full, yaani taa za mbali, hiyo ya kushoto inabaki nyekundu kama kaa la jiko linalozimika. Nilimweleza yote hayo huku yeye macho kwenye simu. Jibu lake: "Waya zimezeeka, mama. Gari la babu hili. Dawa yake kurewaya." Hakuwasha taa hata mara moja. Testa ya kupimia umeme hakuigusa.

Nikakubali. Sitajitetea, maana siku ile nilikuwa na magunia yananisubiri shambani.

Jioni narudi, nafungua boneti, nusura nilie. Waya za gari hili zina rangi za kusomeka. Ya bluu inatoka kwenye swichi ya taa, bluu yenye mstari mweupe ni full, bluu yenye mstari mwekundu ni dim, yaani taa za karibu, nyeusi ni ya bodi, ile ya kurudisha umeme kwenye betri kupitia mwili wa gari. Baba alinifundisha kuzisoma nikiwa msichana, kwa tochi. Bwana huyu kazikata zote mbele akaweka waya nyekundu tupu, kazizungushia soloteipu kama kidonda. Na zile balbu zangu akatoa, akafunga LED ambazo sikuziagiza. Elfu 85 ya ufundi, elfu 40 ya balbu. Nilipouliza mbona rangi moja, akacheka: "Mama, umeme haujui rangi."

Kweli haujui. Lakini fundi wa kesho anatakiwa ajue!

Nikiri kwamba taa ziliwaka, tena nyeupe pee. Nikaanza hata kumwonea haya kwa jinsi nilivyomfikiria. Siku nne tano hivi nilikuwa mtu wa furaha.

Halafu ukaja usiku wa Isyonje. Wanaoijua barabara ya Tukuyu wanaujua ukungu wa pale: hauji, unakukuta umo ndani yake. Nina lumbesa kumi nyuma na kijana wa kupakia pembeni. Zile LED nyeupe badala ya kuona mbele zikawa zinaurudisha ukungu usoni kwangu kama shuka. Nikashusha dim. Taa zikacheza mara mbili, ya kushoto ikazima, ya kulia ikafuata. Giza. Nyuma yangu nasikia Fuso linashuka. Niliwasha hazadi, nikasogea pembeni kwa kubahatisha, na kijana wangu akaruka chini na tochi ya simu. Dereva wa lile Fuso, Mungu ambariki, alisimama, akaniambia nifuate taa zake za nyuma hadi Uyole. Ndaga fijo, asante sana kwa Kinyakyusa, popote ulipo. Nilifika natetemeka, na sikutetemeka kwa baridi.

Sasa hapa ndipo hasira yangu inapokosa pa kukaa. Siku ile naondoka gereji, kijana mmoja mwanafunzi, magoti yote grisi, alinisindikiza hadi mlangoni. "Shikamoo mama." Marahaba mwanangu. Akasema polepole, anamwangalia bosi wake: "Zikisumbua tena, mama, angalia bodi kwanza." Nilimsikia nikampuuza. Nami pia, ona, nilimpuuza mtu kwa kumwangalia tu.

Asubuhi nikamrudishia gari balbu za zamani nilizokuwa nazo za akiba, nikachukua mita ya dukani ya kupimia umeme. Taa zikiwa zinawaka, betri volti 12.4. Kwenye soketi ya taa ya kushoto, 9.6. Nikaweka ncha moja kwenye waya wa bodi wa taa, nyingine kwenye nega ya betri, ncha yake ya hasi: 2.4. Hapo hapatakiwi kuonekana karibu kitu chochote. Nikatoa waya mmoja mnene toka kwenye ule wa bodi hadi nega moja kwa moja, na taa ikafumbua jicho. Nilipiga kelele hadi jirani akaja.

Ugonjwa wote ulikuwa boliti moja, ile inayoshika waya wa bodi. Bodi la Land Rover ni aluminiamu, boliti ni chuma, na kwa mvua zetu za Rungwe vikikutana hapo katikati unatokea unga mweupe unaozuia umeme kupita. Msasa, pete mpya ya boliti (washa), vaselini kidogo juu. Nusu saa. Ile LED ilikuwa inakula umeme kidogo tu, ndiyo maana ilidanganya siku nne. Waingereza wenyewe humtania Lucas, kampuni iliyotengeneza vifaa vya umeme vya magari haya, kwamba ni Mwanamfalme wa Giza. Safari hii Lucas hana kosa.

Nilirudi gereji kudai. Bosi akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kumbe mama ni fundi," kwa sauti ambayo hadi leo sijajua kama ni sifa au kejeli. Lakini akaenda ndani akatoka na balbu zangu zilezile, nzima, amezifunga kwenye gazeti. Hakuwa ameziuza. Hilo lilinivuruga.

Kwa hiyo niseme msiende? Nilikuja kuandika hivyo. Ila swichi ya full na dim pale kwenye usukani imeanza kupata moto, nataka kufungiwa rilei, kifaa cha kubeba umeme wa taa badala ya swichi hiyo, na kusema kweli mkono wa yule kijana ndio ninaoutaka. Nitaenda asubuhi mapema, kabla bosi hajafika.

Hela ya LED sijarudishiwa.