Simu ya mtumba ina kufuli mbili: kagua ya pili kabla hujalipa

Mwezi uliopita nilitoa Sh29,000 taslimu katika duka moja la Barabara ya Moi, nikachukua Pixel 6a, simu ya Google, ya mtumba kutoka Marekani. Nilimwuliza muuzaji kama imefunguliwa. Akatia laini yangu, mtandao ukashika. "Si hiyo, dada, iko anloki." Nilipofika nyumbani Kisauni kuiwekea GrapheneOS, mfumo huria uliojengwa juu ya Android, ndipo nikajua alikuwa akisema kufuli ya laini, ile inayoifunga simu kwa mtandao mmoja. Ya butiloda, programu inayoamua simu iwake na mfumo gani, ilifungwa na mtandao ulioiuza huko kwanza, na haifunguki.

Wanaoniuliza kama programu huria, zile ambazo yeyote anaweza kuzisoma na kuzibadilisha, bado zina maana kwenye simu, jibu langu liko hapo. Msingi wa Android ni msimbo huria, na kiini chake cha Linux kina leseni ya GPL, inayolinda uhuru huo. Lakini yakufaa nini ikiwa mlango wa kuuingiza umekomewa? Masasisho yakikatika, simu nzima haina pa kwenda.

Kamera na betri utatazama mwenyewe. Ukiwa bado dukani, washa data, fungua mipangilio, sehemu ya kuhusu simu, gusa namba ya toleo ("Build number") mara saba, kisha tafuta swichi ya "OEM unlocking", inayoruhusu butiloda kufunguliwa, kwenye menyu ya wasanidi. Ikiwa ya kijivu na haiguswi, mrudishie simu yake.

Kwa kazi hii, simu ya kwanza kwangu bado ni Pixel, wala sifichi. Kuanzia Pixel 8 ya 2023 zimeahidiwa masasisho ya miaka 7. GrapheneOS huingia kwa kebo na kivinjari tu, na ukimaliza unaifunga tena butiloda kwa usalama. M-PESA ya menyu ya laini inapiga kama kawaida. Programu za baadhi ya benki hugoma. Ya pili ni Xiaomi: LineageOS, mfumo mwingine huria wa Android, inazikubali kadhaa, ila jiandae kuomba ruhusa na kusubiri. Samsung ukiifungua na kuiwekea mfumo mwingine, Knox, kinga yake ya usalama, inaungua na hairudi tena. Huawei iliacha kutoa namba za kufungulia butiloda mwaka 2018, iache. Tecno na Infinix za bei nafuu, zitumie zilivyo.

Kinachoniuma ni hilo neno "anloki". Wanalibandika kwenye kila boksi, na ukitaka kuwasha simu ukague, unaambiwa ulipe kwanza. Nilimrudishia yangu kesho yake asubuhi. Akanipa bei ya kuinunua: Sh18,000.