Uzoefu Wangu na NINJAM: Kupiga Adungu na Watu Nisiowajua, Nikiwa Arua

NINJAM ni programu huria iliyotolewa mwaka 2005 na kampuni ya Cockos, ileile inayotengeneza programu ya kurekodi muziki ya REAPER, na kazi ya NINJAM ni kuwawezesha wanamuziki walio mbali kupiga pamoja kupitia intaneti. Mimi hupiga adungu, kinubi chenye shingo ya upinde, hapa Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, na jioni nyingi huingia humo kupitia JamTaba, programu ya bure inayoonyesha vyumba vilivyo wazi na vyombo vinavyopigwa ndani yake.

Kila aliyejaribu kupiga muziki na mwenzake kwa simu anajua kinachotokea: sauti inafika imechelewa, wewe unapunguza mwendo ili umsubiri, naye anapunguza akusubiri wewe, mpaka wimbo unakufa. Tatizo hili haliishi kwa kununua intaneti ya kasi. Ndani ya nyaya za kioo mwanga husafiri takribani kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kutoka Arua hadi London, zaidi ya kilomita 6,000, milisekunde 30 zimekwisha kupotea hata kama waya ungenyooka, na kwa ucheleweshaji wa kiasi hicho wapigaji wengi huanza kupoteza mwendo. NINJAM haishindani na ucheleweshaji huo, bali huurefusha kwa makusudi. Unachokipiga hurekodiwa kwa mzunguko mzima, yaani idadi ya mapigo mliyokubaliana, na wenzako hukisikia katika mzunguko unaofuata, kikianza pamoja nao kwenye pigo la kwanza. Mkikubaliana mapigo 100 kwa dakika na mzunguko wa mapigo 16, unachosikia kwa mwenzako alikipiga sekunde 9.6 zilizopita.

Kwa hiyo wimbo wenye beti na kiitikio vinavyobadilisha koodi huvurugika, lakini muziki unaozunguka juu ya mpangilio mmoja hukaa vizuri sana, na hapo ndipo adungu inapopata makao. Usiku mmoja niliingia chumba chenye mpiga ngoma na mpiga besi aliyeandika kwamba yuko Brazili. Nilianza kwa mpangilio mfupi, nyuzi nene zikishika pigo la kwanza na nyembamba zikijibu juu. Baada ya mizunguko michache mpiga besi aliliacha wazi pigo lile la kwanza ili uzi wangu mnene usikike, akaingia baada yake, nami nikaacha kugusa nyuzi za katikati alikokuwa akipita. Tulikuwa tukijibizana kwa kuchelewa, ila yalikuwa mazungumzo kamili.

Ushauri wangu kwa wapigaji wenzangu ni kuandika mapema, kwenye sehemu ya ujumbe, ufunguo wa chombo chako, yaani ngazi ya sauti kilimowekwa. Adungu yangu imewekwa katika C, kwa hiyo C kubwa (C major) au A ndogo (A minor) hazinisumbui, lakini mtu akichagua E kubwa itanibidi nizungushe zaidi ya nusu ya vigingi wakati wengine wanasubiri. Idadi ya mapigo ya mzunguko hubadilishwa kwa kura katika vyumba vingi, nami huomba 12 au 24 badala ya 16, kwa sababu midundo yetu mingi hugawanyika kwa tatu. Kwa amadinda, marimba ya mbao ya Buganda, siipendekezi NINJAM kabisa. Wapigaji wake hukaa wakitazamana, mapigo ya mmoja yakiingia katikati ya mapigo ya mwenzake, na ufumaji wa namna hiyo hauvumilii kuchelewa; isitoshe, sauti zake tano zilizoachana kwa nafasi zinazokaribia kulingana hazikai na gita.

Gharama iko kwenye bando. Sauti ya kila mshiriki hukujia peke yake, kwa hiyo chumba cha watu wanane hula data nyingi kuliko cha watatu, na tangu Julai 2021 data hutozwa ushuru wa asilimia 12. Mimi huchagua vyumba vidogo na kuzuia kupokea sauti nisiyoihitaji. Mtandao ukilemewa, sauti ya mwenzako hunyamaza, kisha hurudi ikiwa sawa na pigo.

Jambo ninalowasihi vijana walitazame kwa makini ni masharti ya kuingia. Baadhi ya seva za umma hurekodi vikao na kuvitoa chini ya leseni ya Creative Commons, maana yake mtu yeyote anaweza kuvichukua na kuvitumia kwa kufuata masharti ya leseni hiyo. Kwa mpangilio niliobuni mwenyewe nakubali kwa moyo mweupe, na nimefurahi kusikia vipande vyangu ndani ya kazi za wengine. Lakini nyimbo za msiba nilizofundishwa na wazee si zangu kuzigawa, na sizipigi humo mpaka wenyewe waniruhusu.