Bomba la kulishia ndege: uzoefu wangu wa kiangazi kimoja Mtwara

Nimelitumia bomba hili la plastiki, lenye matundu ya kudonolea nafaka na vijiti vya ndege kutua, kuanzia Juni hadi Septemba hapa Shangani. Linafaa, ila limetengenezwa kwa ajili ya baridi ya Ulaya, kwa hiyo lirekebishe kabla ya kulitundika.

Madonge ya mafuta yanayokuja nalo yaweke kando. Kule theluji ikifunika ardhi, mafuta humpa ndege nguvu ya kuuvuka usiku. Hapa jua la mchana huyayeyusha, yakachuruzikia manyoya, na manyoya yaliyogandamana hayazuii tena maji wala ubaridi.

Tumia mtama au uwele. Ulezi ni mdogo mno. Upepo wa kusi ukilitikisa bomba, ulezi unamwagika wote. Karanga zenye ukungu zina sumukuvu, usiziweke kabisa. Korosho za chumvi nazo hapana.

Udhaifu mkubwa uko kwenye kitako. Tundu la chini limekaa kama sentimita 3 juu yake, na punje za chini ya hapo hakuna mdomo unaozifikia. Zikipata umande au manyunyu zinashikana, na baada ya siku nne tano ukizigusa ni uji mchachu wenye utando wa kijani. Dawa yake: toboa kitako matundu manne kwa msumari mwembamba uliopashwa moto (ukiwa baridi utaipasua plastiki), kisha jaza kokoto safi mpaka usawa wa tundu la chini. Weka nafaka robo bomba tu, iishe kwa siku mbili.

Sisimizi hushuka kwa waya. Pitisha waya katikati ya kikombe kidogo, ziba pale unapopita, jaza maji. Usipake grisi, inawanasa ndege.

Kila wiki lioshe kwa sehemu moja ya jiki na tisa za maji, suuza, likauke kabisa ndipo ujaze. Litundike mbali na banda la kuku kwa sababu ya mdondo (ugonjwa wa kuku unaoambukiza ndege wengine), na fagia chini, maana tetere hula yaliyodondoka na paka wanalijua hilo.

Mnana na chiriku ndio wanaokaa kwenye vijiti. Shore na chozi hawatakuja, kwani chakula chao ni matunda, wadudu na maji ya maua. Hao waite kwa maji: sahani ya udongo yenye kina cha sentimita 3 hadi 5, jiwe katikati, maji mapya kila asubuhi ili mbu wasizaliane. Kiangazi madimbwi yakikauka, sahani hii inaleta aina nyingi za ndege kuliko bomba lenyewe. (Sululu na vitwitwi, ndege wa pwani wanaoikimbia baridi ya Ulaya na Asia, hawali nafaka, wafuate ghuba ya Mikindani kuanzia Septemba, maji yanapojaa na kuwasogeza ufukweni.)

Nyota tatu kati ya tano. Kitako kingekuwa cha kufungua, ningetoa nne.