Vijarida Vitatu Mezani: Kimoja Nakipenda, Kimoja Nakiheshimu, Kimoja Kimenikera

Haya, karibuni. Leo mezani hakuna simu wala spika, kuna karatasi. Vijarida vitatu vya kutengenezwa kwa mkono, hivi ambavyo wenyewe wanaviita zine. Mtu anaandika, anachora, anakata, anatoa kopi, anakunja, anabana pini, anagawa. Kampuni hakuna, tangazo hakuna, na mara nyingi nakala zote za toleo zinaenea kwenye begi moja la mgongoni.

Majina yake sitayataja, na kurasa za ndani sizisogezi kwenye kamera. Mtu aliyetoa nakala chache akawapa watu anaowajua hakukubali kusomwa na kila mwenye intaneti. Humu ndani watu wanaandika magonjwa yao, ndoa zao, mabosi wao. Ukitaka kuonyesha ukurasa, muulize mwenyewe kwanza. Akikataa, eleza kwa maneno, mdomo unao.

Tuanze na hiki kidogo. Kinakaa kiganjani, mnaona? Ni karatasi moja tu ya A4. Imekunjwa katikati mara tatu ikatoa vyumba 8, ikapasuliwa mpasuo mmoja katikati, ikakunjwa upya ikawa kitabu. Pini haina, gundi haina. Kila ukurasa una milimita 74 kwa 105, kwa hiyo hapa huwezi kupiga porojo, nafasi haipo.

Mwenye kijarida ni mlinzi wa usiku. Toa jalada la mbele na la nyuma, zinabaki kurasa 6, na yeye amezigawa kwa saa: saa tano usiku, saa sita, mpaka saa kumi alfajiri. Ukurasa wa saa nane una mlango uliofungwa, hakuna neno hata moja. Saa tisa ipo sentensi moja kuhusu paka. Nilidhani hadithi imeishia hapo. Kumbe ukikikunjua chote kikarudi kuwa karatasi, upande wa nyuma kuna ramani ya jengo zima, na njia anayoipita imechorwa kwa vidoti. Unagundua kwamba usiku kucha alikuwa anazunguka palepale. Wengi wanaotumia mkunjo huu huuacha upande wa nyuma mtupu. Huyu ameufanya ndio mwisho wa kisa, na amefanya hivyo bila kuandika "geuza".

Kasoro yake ni penseli. Mashine ya kopi haielewani na penseli, ndiyo maana picha ya saa saba imetoka hafifu kama imepaukia juani. Chora kwa wino mweusi. Kama unahitaji mistari ya kukuongoza, tumia penseli ya bluu iliyofifia, kwa sababu mashine ya rangi moja huwa haiioni, hata kufuta hulazimiki. Lakini hiki nakipenda, sifichi.

Cha pili ni kikubwa kidogo. A5, karatasi 8 za A4 zimekunjwa kati, kurasa 32. Wameandika watu kadhaa wenye kigugumizi, mhariri akakusanya. Sasa sikilizeni alichofanya mmoja wao. Anaeleza siku aliyotakiwa kutaja jina lake mbele ya watu. Jina linaanza chini ya ukurasa wa kulia, silabi ya kwanza tu. Unafunua, unakuta ukurasa mtupu. Unafunua tena, mtupu. Ndipo jina linamalizika. Wewe msomaji umesubiri pamoja naye, na pengine umeona aibu ileile aliyoiona. Kwenye skrini ungeteleza kidole ukapita, ila hapa vidole vyako vimelazimika kufanya kazi.

Ndiyo maana hiki nakiheshimu. Lakini kina mambo. Kwanza, maneno ya kurasa mbili yamekatwa pembeni. Mashine nyingi haziwezi kuchapa mpaka kwenye ukingo wa karatasi, huacha karibu milimita 5, kwa hiyo ukijaza maandishi mpaka mwisho lazima kitu kiliwe. Acha sentimita moja pande zote, na upande wa mkunjo ongeza kidogo. Pili, kurasa za mwisho. Kijarida cha kukunja hivi kinahesabiwa kwa nne-nne: 28, 32, 36. Mhariri alifika 30 akaishiwa, basi nafasi iliyobaki akaijaza nukuu za kutia moyo za mtandaoni. Jamani! Baada ya kazi nzito namna ile unaniwekea nukuu? Weka mchoro, weka orodha ya waliochangia, au acha weupe.

Pini nazo nizitaje, kwa sababu watu huniuliza. Stepla ya kawaida haifiki kwenye mkunjo wa A5, hivyo wengi hubana pembeni, na kijarida kinakuwa kigumu kufunguka. Huyu hana stepla ndefu, naona kwa jinsi miguu ya pini ilivyolala. Amefungua stepla, akaweka karatasi juu ya boksi nene, akagonga, kisha akazikunja pini kwa mkono. Imetosha kabisa. Karatasi za katikati zimechomoza kidogo nje ya jalada, ndivyo inavyokuwa ukikunja nyingi pamoja. Wapo wanaopunguza kingo kwa kisu, mimi hainisumbui.

Cha tatu. Hapa ndipo nitagombana na baadhi yenu.

Kwa macho, hiki kinawashinda wenzake. Kimeshonwa kwa uzi, matundu matatu, fundo limefichwa ndani. Jalada limechongwa kwenye linoliamu, lile tandiko laini la sakafuni, na kupigwa chapa kwa rangi mbili, na rangi zimekaa mahali pake, jambo ambalo si rahisi. Nimekishika muda mrefu kabla sijakifungua. Halafu nikakifungua. Mashairi matano, wino wa kijivu juu ya karatasi ya kahawia. Mchana, karibu na dirisha, nilisoma kwa kukodoa. Na nilipofanikiwa kuyasoma, nilikuta bahari ni pana, moyo ni mpweke, na basi. Herufi zenyewe ni zile za kompyuta zinazoiga taipureta iliyochoka, zenye madoa ya makusudi.

Hilo la madoa linanikera zaidi ya mashairi. Mwaka 1976, London, kijana karani wa benki, Mark Perry, alianzisha kijarida cha muziki wa punk, Sniffin' Glue. Alipiga taipu, vichwa akaviandika kwa kalamu nene ya wino, akatoa kopi. Kilikuwa rafu kwa sababu alikuwa na haraka na alitumia alichokuwa nacho. Wewe mwenye kompyuta na muda wa kuchonga linoliamu, madoa ya kupakua unayatafutia nini?

Na hili ndilo lililonifanya nirekodi leo. Mapitio ya vijarida yamejaa sifa za bure. "Kimetengenezwa kwa upendo." "Unauona mkono wa binadamu." Sawa, mkono tumeuona, umeandika nini? Ukimsifia kila mtu kwa sababu tu alikunja karatasi, mlinzi wetu wa usiku atajuaje kwamba ile ramani ya nyuma ilikuwa wazo la kweli? Atadhani nawe unampigia makofi ya huruma. Kopi hafifu na karatasi nyembamba ni mambo ya mfuko, siyagusi. Wino wa kijivu kwenye karatasi ya kahawia ni uamuzi wa mtu. Huo naugusa.

Nyota sitoi. Nyota zipe pasi na feni. Hapa msomaji wa mapitio yako wa kwanza ni mtengenezaji mwenyewe, tena huenda atakujibu kwa barua, kwa hiyo andika kitu ambacho ungeweza kumwambia usoni.

Kwenye kazi hii yupo wa kumwangalia. Mwaka 1982 huko Marekani, Mike Gunderloy alianzisha Factsheet Five, kijarida ambacho kazi yake hasa ilikuwa kupitia vijarida vya wengine. Maelezo mafupi mafupi, pamoja na anwani ya kuagizia. Ile anwani ndiyo ilikuwa na nguvu. Mtu aliyejifungia na jarida lake la mambo ya ajabu alianza kupata barua kutoka miji asiyowahi kufika. Kwa hiyo ukipitia kijarida, taja ukubwa, kurasa, kimefungwaje, kinahusu nini, na mwenye kukitaka akipateje, ikiwa mwenyewe ameruhusu. Maoni yako yaje baadaye.

Kuchangia sasa. Mashabiki wa hadithi za kisayansi walianza vijarida vyao zamani. The Comet ilitoka Chicago mwaka 1930, na kwenye uwanja wao ikazoeleka kwamba toleo unalipata kwa barua ya maoni, kwa mchango wako, au kwa kubadilishana na chako. Mwaka 1937 wakaunda chama, FAPA. Kila mwanachama anachapa nakala za kuwatosha wenzake, anazituma kwa mtu mmoja, na huyo anapanga mafungu na kumtumia kila mmoja lake. Na usipotoa angalau kurasa 8 kwa mwaka, unatoka. Mimi ningefukuzwa mapema, lakini utaratibu wenyewe naupenda.

Ukitaka kuchangia, soma kwanza toleo lililopita. Mhariri wa vijarida anatambua kwa mstari mmoja nani hajasoma. Uliza ukubwa wa ukurasa kabla hujachora, kwa sababu picha ya A4 ikishushwa kuwa A5 inabaki asilimia 71 ya urefu wake, na mistari myembamba inapotea. Ukituma skani, isiwe chini ya nukta 300 kwa inchi. Kazi halisi usiiachie, tuma kopi. Sema unataka jina gani litokee, maana kwenye vijarida vya mambo ya siri wengi hutumia jina la kubuni, na likishachapwa halifutiki. Uliza pia kama watakiweka mtandaoni baadaye. Malipo huwa ni nakala moja au mbili za toleo lenyewe, na hiyo ni kawaida. Usitume mashairi ishirini ukamwambia achague. Tuma mawili.

Na kama huna cha kutuma, tuma barua. Barua ni mchango. Mhariri wa cha kigugumizi ameomba barua kwenye ukurasa wa 2 na ameacha nafasi ya kuzichapa toleo lijalo. Huyo wa bahari naye nimeshamwandikia. Haya yote mliyoyasikia ameyasoma kabla yenu, la wino na la madoa, na la jalada pia nimemsifia kama linavyostahili. Nimemwomba anitumie kijacho.