Mwaka mmoja na pgBackRest kwenye hifadhidata ya terabaiti 4

Kabla ya kuhamia pgBackRest, programu ya kuchukua bakapu za PostgreSQL, tulijiona tuko salama kabisa. Hifadhidata yetu ni PostgreSQL, terabaiti 4 na ushee. Replika, yaani nakala hai ya hifadhidata kwenye seva nyingine, ilikuwa inaifuata seva kuu sekunde kwa sekunde, na kila usiku pg_dump, programu inayokuja na PostgreSQL, inachukua bakapu. Nani angetuambia kitu?

Jioni moja mwenzetu akaandika DELETE, amri ya kufuta, akasahau WHERE inayotaja mistari ipi ifutwe, akabonyeza. Nilikuwa nimekaa pembeni yake. Tukaikimbilia replika, tukakuta jedwali tupu vilevile: kosa nalo limenakiliwa kama kitu kingine chochote. Ikabaki bakapu ya usiku. Kuirejesha kulituchukua saa 19, kwa sababu pg_dump inahifadhi data na amri tu, faharasa zote zinajengwa upya kuanzia sifuri. Na kazi ya mchana kutwa ikawa imekwenda na maji.

pgBackRest inanakili mafaili yenyewe ya hifadhidata, mengi kwa pamoja. Halafu logi za mabadiliko, zile WAL za megabaiti 16 kila kipande, zinapelekwa kwenye hifadhi ya mbali. Ukirejesha, logi hizo zinarudiwa juu ya mafaili, ndiyo maana unaweza kurudi mpaka dakika unayoitaka, tuseme saa 11:41 jioni, wakati DELETE ilipita saa 11:42. Tumeweka archive_timeout, muda wa kufunga kipande cha WAL hata kama hakijajaa, sekunde 60, kwa hiyo seva ikiungua leo tutapoteza kazi ya kama dakika moja.

Zoezi la kwanza la kurejesha lilituaibisha. Bakapu zilikuwa zimefungwa kwa nywila, na nywila ilikuwa kwenye faili la mipangilio la seva ileile tuliyojifanya imekufa. Tukabaki tunaangaliana. Siku hizi inakaa pengine, na nakala yake ipo kwenye karatasi (ndiyo, karatasi).

Zoezi la pili ndilo lililonifundisha zaidi. Tulikuwa tunachukua bakapu kamili kila Jumapili, basi tukajaribu kurejesha siku ya Ijumaa. Kunakili mafaili hakukuchelewesha sana. Kilichokula muda ni kuzirudia logi za siku tano, maana PostgreSQL inazipitisha kwa mchakato mmoja, hata seva iwe na prosesa 64. Tukaongeza bakapu ya tofauti kila usiku, inayonakili tu kilichobadilika tangu ile kamili. Saa 8 zikashuka hadi 2 na nusu. Ukiwa unachagua mfumo, pima hilo kwa data yako mwenyewe, usiulize tu bakapu inachukuliwa kwa dakika ngapi.

Lawama ninayo moja kubwa. Hifadhi ya mbali ikigoma, WAL zinarundikana kwenye diski ya seva kuu, na diski ikijaa PostgreSQL inasimama. Lilitupata usiku wa manane. Kuna kipimo cha archive-push-queue-max kinachozuia hilo, ila kinafanya hivyo kwa kuzitupa WAL, yaani unabaki na pengo mpaka uchukue bakapu nyingine. Sisi tuliona heri kengele ilie diski ikifika asilimia 70.

Replika hatukuiacha, bado ndiyo inayotuokoa seva kuu ikifa. Tumeongeza ya pili inayochelewa saa 4 kwa makusudi, kwa recovery_min_apply_delay. Mwezi uliopita jedwali lingine lilifutwa kimakosa, tukalichota humo kabla chai haijapoa. Nyota 4 kati ya 5. Ya tano ilibaki kwenye ile diski iliyojaa.