Uzoefu wangu: leya za Inkscape kwenye michoro ya vioo vya rangi

Inkscape ndiyo programu pekee ya kuchorea niliyobaki nayo, na sababu kubwa ni leya, yaani tabaka za mchoro zinazopangwa moja juu ya nyingine. Natengeneza paneli za vioo vya rangi hapa Dodoma, nyingi za madirisha ya makanisa, chache za milango ya nyumbani. Programu ni ya bure, inahifadhi kwa SVG (aina ya faili la michoro), na ukishaipakua haidai bando.

Paneli ya leya inafunguka kwa Ctrl+Shift+L. Chini kabisa naweka skechi niliyopiga picha, naibana kwa alama ya kufuli isisogee. Juu yake zinakaa rangi, kisha mistari ya risasi (madini yanayoshikilia kioo kwa kioo), kisha namba za vipande, na juu ya yote mishale ya kuonyesha michirizi ya kioo ielekee wapi. Mishale hiyo wengi huidharau. Jani la mzabibu ambalo kila kipande kina michirizi ya upande wake linaonekana kama limeokotwa kwenye mabaki.

Leya ya mistari ndiyo inayolipa. Unene wa mstari si urembo: ni nafasi halisi kati ya kioo na kioo. Kwa risasi naweka milimita 1.75, kwa utepe wa shaba, unaozungushwa kwenye kingo za kioo badala ya risasi, kama 0.8. Mteja akibadili mawazo, nasimama kwenye leya hiyo, nabonyeza Ctrl+A, naweka unene mpya. Namba na rangi haziguswi. Angalia tu kitufe cha juu kinachoamua kama mistari inenepe mchoro unapokuzwa. Ukikiacha kimewaka, ukivuta mchoro wa A4 ufikie saizi ya dirisha, hesabu yote ya nafasi imeharibika.

Rangi naziwekea leya zaidi ya moja. Kuna kanisa padri alitaka zabibu za kijani, wazee wakasema zabibu za Dodoma ni nyeusi. Nilifunga jicho (alama ya kuonyesha au kuficha) la leya moja nikafungua la nyingine mbele yao, wakamalizana wenyewe.

Kuprinti nako: nakala ya kukata vipande ina mistari, namba na mishale, ya kutandika mezani wakati wa kuunganisha haina mishale. Rangi nazificha, maana wino wa steshenari si wa mchezo. Steshenari moja ya mjini iliwahi kuniprintia PDF ikiwa imebanwa ienee kwenye karatasi, vipimo vikapungua bila mtu kusema. Sasa nina leya ya mraba wa sentimita 10 pembeni. Naupima kwa rula palepale kaunta kabla sijatoa hela.

Kinachokera: tangu toleo la 1.2 la mwaka 2022, leya na vitu vyote viko kwenye paneli moja, kwa hiyo dirisha lenye vipande vingi linakupa orodha isiyoisha. Zikunje leya, na uzipe majina ya maana. Picha nzito ya chini nayo inachosha laptopu ya zamani. Ukimaliza kuifuatisha, ifute. Pia leya hizi kiundani ni makundi ya SVG yenye alama ya Inkscape yenyewe, hivyo fundi mwenzako anayetumia programu nyingine huenda akazipata kama makundi ya kawaida. Mtumie na PDF.